Seoul kwa Kijana Mwislamu: Namna ya Kupanga Siku Nzima Bila Kukosa Swala Wala Kushinda na Njaa

Vijana wanaorudi kutoka Seoul wana malalamiko yanayofanana. Picha ni nzuri, mitaa imewakosha, lakini wameshinda kwa biskuti na mayai ya kuchemsha, na Alasiri imewaponyoka zaidi ya mara moja. Wengi hulaumu mji. Mimi naulaumu mpango. Mtu anaorodhesha mitaa kwanza, halafu saa nane mchana, njaa inauma na simu inakaribia kuzima, ndipo anaanza kutafuta pa kula na pa kuswali.

Hapa tunageuza utaratibu. Swala na mlo vinawekwa kwanza, mitaa inajazwa katikati. Mambo ya viza, tiketi na hoteli nayaacha kwa sababu yana maelezo ya kutosha kwingine, na ubalozi ndio wenye neno la mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Naver Map au KakaoMap kwenye simu. Google Maps imekuwa dhaifu Korea kwa miaka mingi, hasa kwenye maelekezo ya kutembea kwa miguu, kwa sababu ya masharti ya serikali juu ya data za ramani. Naver ina menyu ya Kiingereza.
- Programu ya saa za swala yenye dira.
- Kadi ya T-money, ya kulipia treni na mabasi. Inauzwa kwenye maduka madogo ya saa 24 kama GS25, CU na 7-Eleven.
- Noti za won kidogo. Kadi za benki zinakubalika karibu kila mahali, ila kuongeza salio kwenye T-money kwa kawaida kunataka fedha taslimu.
- Mswala mwembamba unaokunjika, chupa ndogo ya maji na betri ya akiba.
- Khofu, yaani soksi za ngozi za kupakia maji wakati wa udhu. Usizidharau, utaona kazi yake hatua ya 6.
- Kadi ya maneno ya Kikorea, iliyoandikwa hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Toa saa za swala za wiki yako yote

Usisubiri adhana ya simu ikushtue barabarani. Kaa chini kabla ya safari, andika saa za wiki nzima, kwa sababu Seoul ina misimu na saa zake hazifanani hata kidogo.

Mwishoni mwa Desemba, Alfajiri inaingia mnamo saa 12:10 asubuhi na jua linachomoza karibu saa 1:45. Unalala vizuri, unaamka kwa raha. Balaa liko mchana: Adhuhuri saa 6:30, Alasiri mnamo saa 9, Magharibi saa 11:15 jioni. Swala tatu zimebanana ndani ya saa tano, na saa hizo tano ndizo kila mtu anazitaka kwa matembezi.

Mwishoni mwa Juni mambo yanageuka. Mchana umenyooka, Alasiri ni karibu saa 10:30 jioni na Magharibi inakaribia saa 2 usiku. Lakini Isha inafika saa 3:50 usiku, na Alfajiri inaingia saa 9:15 usiku, watu wamelala fofofo. Ukishinda mtaani mpaka saa 6 usiku halafu ukategemea kuamka, utaipoteza.

Kitu kimoja hakiyumbi sana: Adhuhuri. Mwaka mzima inacheza kati ya saa 6:15 na 6:50 mchana. Ndiyo maana tutaifanya nanga ya siku.

Hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi moja yenye siku zako zote, na umeizungushia duara saa mbili: Adhuhuri na kuzama kwa jua.

## Hatua ya 2: Amua hukumu yako ya msafiri ukiwa bado nyumbani

Nusu ya mahangaiko ya mtaani ni mabishano ya kifiqhi yaliyochelewa. Marafiki wanne wamesimama mlangoni mwa mkahawa, mmoja anasema tujumuishe, mwingine anasema hairuhusiwi.

Kwa Shafii, msafiri wa masafa yanayokubalika anaruhusiwa kupunguza swala za rakaa nne na kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Ruhusa hiyo inakatika akinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Kwa Hanafi ukomo ni siku 15, lakini kujumuisha hakupo nje ya Hija. Kwa hiyo safari ya siku tatu na safari ya siku kumi si sawa. Kama una shaka, muulize sheikh wako kabla ya kupanda ndege.

Mambo mawili yanayowakwaza wengi kwa Shafii:

Kwanza, ukijumuisha kwa kutanguliza, yaani kuziswali zote mbili ndani ya wakati wa ile ya kwanza, nia ya kujumuisha iingie kabla hujatoa salamu ya swala ya kwanza, na swala ya pili ifuate bila mwanya mrefu. Ukitoka ukanunua kahawa kisha ukarudi kuswali Alasiri, umeshachelewa.

Pili, ukiswali nyuma ya imamu mkaazi unakamilisha rakaa nne pamoja naye. Kupunguza kunabaki kwa swala utakayoiswali mwenyewe au na wasafiri wenzako. Msikitini Itaewon, basi, Adhuhuri ya jamaa ni nne, kisha Alasiri yako ni mbili.

## Hatua ya 3: Jenga siku kuzunguka laini namba 6 ya treni

Hapa ndipo siku nyingi zinapona au kufa, kwa hiyo twende taratibu.

Msikiti Mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976, uko kwenye kilima cha Itaewon. Unashuka kituo cha Itaewon, laini namba 6, unatokea njia namba 3, kisha unapanda mlima kwa miguu. Minara miwili mirefu itakuongoza ukishafika juu kidogo. Mtaa unaouzunguka umejaa migahawa ya halali na maduka ya nyama na viungo. Swala na chakula viko sehemu moja, na hilo ni adimu katika mji huu.

Uzuri wa laini namba 6 ni kwamba inakutana na karibu mitaa yote inayotamba kwa kubadilisha treni mara moja tu:

- Kutoka Gyeongbokgung au Anguk (kasri na nyumba za kale): laini 3 hadi Yaksu, kisha laini 6.
- Kutoka Hongdae: laini 2 kituo kimoja hadi Hapjeong, kisha laini 6.
- Kutoka Myeongdong: laini 4 hadi Samgakji, kisha laini 6.
- Kutoka Seongsu: laini 2 hadi Sindang, kisha laini 6.

Sasa chora siku. Asubuhi mtaa mmoja. Mnamo saa 5:40 uwe umeingia kwenye treni kuelekea Itaewon. Adhuhuri msikitini, chakula cha mchana hapo hapo. Baada ya hapo mtaa wa pili, mmoja tu. Ukitaka mitatu kwa siku utakuwa umeona vituo vya treni kuliko mji.

Mfano wa siku ya Desemba kwa msafiri wa siku tatu: saa 3 asubuhi kasri la Gyeongbokgung linafunguliwa, saa 4 unaingia Bukchon, mtaa wa nyumba za kale, saa 5:40 unapanda treni kituoni Anguk. Adhuhuri na Alasiri msikitini, mlo, kisha Sindang na Seongsu. Jua likizama saa 11:15 tayari umeshatoa Alasiri shingoni, na jioni ni yako.

Onyo la mlo: migahawa mingi midogo ya Seoul hufunga jiko kati ya saa 9 alasiri na saa 11 jioni. Utaona karatasi mlangoni, taa ndani zinawaka, mpishi amekaa anaangalia simu, na bado hakuhudumii. Ukila mchana kabla ya saa 8 hilo halikugusi.

Ijumaa fika mapema zaidi. Uwanja wa msikiti unajaa Waislamu wa mataifa mengi, na migahawa ya mteremkoni inapata foleni mara tu swala inapokwisha. Ningekula baadaye kidogo siku hiyo.

## Hatua ya 4: Jifunze daraja nne za migahawa

Shirika la Utalii la Korea limewagawa wapishi wanaohudumia Waislamu katika makundi manne. Watu wanasoma neno "Mwislamu" kwenye orodha na kuingia. Soma kundi.

1. Wenye cheti cha halali, kinachotolewa na taasisi kama Shirikisho la Waislamu wa Korea.
2. Waliojithibitisha wenyewe. Mara nyingi mwenye mgahawa ni Mwislamu na anasema chakula chake chote ni halali.
3. Rafiki kwa Waislamu. Baadhi ya vyakula ni halali, na pombe inaweza kuuzwa hapo hapo.
4. Wasiotumia nguruwe. Nguruwe hakuna, lakini ng'ombe na kuku wao si lazima wawe wamechinjwa kisheria.

Kundi la nne ndilo mtego. Mtu anaagiza kuku kwa raha zake kwa sababu ameambiwa hakuna nguruwe. Hapo agiza samaki au mboga, au pita.

Kwenye Naver Map andika 할랄, neno "halali" kwa Kikorea, kisha uhifadhi migahawa miwili kwa kila mtaa utakaokwenda. Miwili, kwa sababu mmoja utaukuta umefungwa. Angalia pia kama ni ya nyama ya kuchoma mezani: sehemu nyingi za aina hiyo hazipokei oda ya mtu mmoja, zinataka angalau sahani za watu wawili.

Ukikosa vyote, tafuta vyakula vya mahekalu ya Kibuddha maeneo ya Insadong. Mapishi hayo hayana nyama, na pombe haimo katika desturi yake. Yana ladha ya upole, na mpenda pilipili atalalamika.

Kadi ya kuonyesha mhudumu, inakili kama ilivyo:

저는 무슬림입니다. 돼지고기와 술이 들어간 음식은 먹지 않습니다. 할랄이 아닌 고기와 고기 육수도 먹지 않습니다. 생선, 해산물, 채소, 달걀은 먹을 수 있습니다.

Inasema: mimi ni Mwislamu, sili chakula chenye nguruwe au pombe, wala nyama isiyo halali na supu yake, samaki, vyakula vya baharini, mboga na mayai nakula. Sehemu ya supu ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu sahani inayoonekana ya mboga huenda imepikwa kwa mchuzi wa mifupa, na mhudumu haoni kosa kwa kuwa hakuna kipande cha nyama ndani.

Mhudumu akisoma, akaenda jikoni kuuliza, akarudi akitikisa kichwa, mshukuru na uondoke. Huyo amekufaa kuliko yule anayekubali haraka bila kusoma.

## Hatua ya 5: Kwenye duka la saa 24, soma kisanduku kidogo

Utaingia madukani humu kila siku, ukitaka usitake. Sheria ya Korea inawalazimisha watengenezaji kutaja vizio vya mzio kwenye pakiti, na bahati yetu ni kwamba nyama ya nguruwe, ng'ombe na kuku zimo katika orodha hiyo. Geuza pakiti, tafuta kisanduku au mstari ulioandikwa 함유, maana yake "ina". Kabla ya neno hilo ndipo vitu vinapotajwa.

Maneno ya kukariri kwa macho:

- 돼지고기: nguruwe. Ukiliona, rudisha pakiti.
- 쇠고기: ng'ombe. 닭고기: kuku. Bila muhuri wa halali, yaache.
- 젤라틴: jelatini. Peremende laini na baadhi ya mtindi.
- 주정: kilevi kinachotiwa kwenye michuzi kama soya na gochujang (rojo ya pilipili ya Kikorea) ili isiharibike. Wanazuoni wametofautiana juu ya kiasi kidogo cha namna hii, kwa hiyo jua msimamo wako mapema.

Chukua mfano wa pembetatu ya wali iliyofungwa kwa mwani, ile inayouzwa kila kona. Mbele kuna picha ya samaki jodari, unaona mambo mazuri. Geuza: mara nyingine mstari ule ule unataja nguruwe au kuku, kwa sababu ya kiungo cha ndani. Picha ya mbele haina ushahidi wowote.

Tambi za pakiti nazo ziko hivyo hivyo. Kampuni kadhaa za Korea hutengeneza tambi zenye muhuri wa halali kwa masoko ya nje, na pakiti ya jina lile lile inayouzwa Seoul yaweza kuwa na kiungo tofauti. Tafuta muhuri kwenye pakiti uliyoishika, si kwenye kumbukumbu yako.

Salama za haraka: mayai, ndizi, viazi vitamu vya kuchoma, njugu na maziwa.

## Hatua ya 6: Udhu na mahali pa kuswali ukiwa mbali na msikiti

Vyumba vya swala vipo uwanja wa ndege wa Incheon, jengo la COEX kule Gangnam, na bustani ya michezo ya Lotte World pale Jamsil. Nami, kisiwa cha nje ya mji ambacho wengi hukiendea kwa siku moja, nacho kina chumba cha swala. Ukifika, nenda moja kwa moja kwenye dawati la maelezo uulize. Usizunguke jengo ukitafuta kibao.

Kutafuta kwenye Naver, andika 무슬림 기도실. Ukiandika neno la pili peke yake, linalomaanisha chumba cha maombi, utaletewa ya makanisa.

Udhu una tatizo moja tu, miguu. Vyoo vya vituo vya treni ni vya bure na vingi ni safi, lakini kupandisha mguu kwenye sinki kunawakera watu na sakafu inalowa. Hapa ndipo khofu inapofanya kazi: livae asubuhi ukiwa na udhu kamili, na kila udhu wa siku hiyo unapaka maji juu yake. Msafiri ana siku tatu na usiku wake, mkaazi siku moja. Soksi za kawaida nyembamba hazitoshi kwa Shafii.

Kibla kutoka Seoul ni magharibi, ukipinda kidogo kuelekea kaskazini, takriban digrii 286. Ndani ya majengo ya chuma dira ya simu huzubaa, kwa hiyo ipime nje kwanza kisha ukumbuke upande.

Kama hakuna chumba, bustani za ukingo wa mto Han zina nyasi pana na watu wametandika mikeka kila mahali. Mswala wako hautamshangaza mtu. Epuka ngazi za dharura za maduka makubwa. Kuziba njia ya moto ni kosa, na mlinzi atakuondoa rakaa ya pili.

## Hatua ya 7: Mtaa gani, na uangalie nini

Seongsu. Maghala na karakana za viatu zimegeuka mikahawa na maduka ya muda ya chapa za mitindo. Kwa maoni yangu ndio mtaa unaomfaa zaidi kijana wa Kiislamu, kwa sababu starehe yake ni kahawa, si pombe. Tiramisu, ile keki laini ya kahawa, uliza, mara nyingi ina kilevi. Msitu wa Seoul uko karibu, pazuri pa Magharibi.

Gyeongbokgung na Bukchon. Kiingilio cha kasri ni won 3,000, na ukivaa hanbok, vazi la asili la Kikorea, kamili, juu na chini, unaingia bure. Hanbok ni pana na ndefu, inakaa vizuri na hijabu. Chagua ya mikono isiyopitisha mwanga au vaa nguo ndani. Jumanne kasri limefungwa. Bukchon ni makazi ya watu: kwenye eneo lililowekewa mipaka, watalii wanaruhusiwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 11 jioni tu, na faini ni won 100,000.

Myeongdong. Vipodozi. Soma kama kolajeni ni ya nguruwe au ya samaki. Vyakula vya barabarani hapa ni vya macho zaidi kuliko tumbo, maana kikaango kimoja kinapika kila kitu.

Hongdae. Nenda alasiri uone wanamuziki na wacheza ngoma wa barabarani. Kuanzia saa 4 usiku mtaa unakuwa wa baa, na Itaewon ya chini, karibu na kituo, hali kadhalika.

## Hatua ya 8: Mpango ukivunjika

Utavunjika. Mvua, foleni, mwenzako kapotea kituo cha Sindang.

Kama ni mchana na Adhuhuri imekupita msikitini, na wewe ni msafiri anayeruhusiwa kujumuisha, nuia kuichelewesha mpaka Alasiri. Nia hiyo iingie wakati wa Adhuhuri haujaisha. Vivyo hivyo jioni: nuia kuchelewesha Magharibi, tembea kwa utulivu, kaziswali zote mbili hotelini. Hilo ndilo linalookoa jioni za Desemba.

Kama si msafiri kisheria, shuka kituo kinachofuata. Usisubiri kufika. Toka nje, tafuta bustani au uwanja wa mto, tandika. Ukiwa ndani ya saa moja kabla ya jua kuzama, usianze safari yoyote ya treni inayozidi vituo vitano kabla hujaswali.

Na kama ni tumbo, rudi laini namba 6. Kutoka Hapjeong, Samgakji, Yaksu au Sindang unafika Itaewon bila kubadilisha treni tena. Ila angalia saa ya jikoni kufungwa kwenye Naver kabla hujaanza kupanda mlima.